Siku Nilizotundika Shanga Nyekundu

Mimi ni mtu wa Mkange. Niliolewa Bagamoyo, mji mkongwe, katika nyumba ya watu waliokuwa wakinitazama vidole vya miguu kabla ya uso, kana kwamba bado vina udongo wa shamba. Sikuwapenda na wao hawakunipenda, na tuliishi hivyo kwa adabu nzuri sana. Mwaka wa tatu wakahamia Dar es Salaam kwa mtoto wao mwingine, nikabaki na mume wangu. Nasema nikabaki naye kwa mazoea tu, maana alikuwa dereva wa lori la chumvi. Alipakia kwenye mashamba ya chumvi kaskazini ya mji, akaenda Morogoro, mara nyingine mpaka Dodoma, akarudi akalala usiku mmoja au miwili. Nyumba ile ilikuwa na vyumba vitano. Nilikuwa nikifagia vyote.

Kabla sijaolewa nilikaa ndani kama wenzangu, na somo yangu akanifundisha. Somo ni mama mtu mzima anayekabidhiwa mwari ili amfunze mambo ya unyumba. Wangu alitoka Mlingotini, mwembamba, mwenye ulimi mkali, na kila alilosema nililishika. Alinipa shanga za aina mbili, nyekundu na nyeupe. Nikiwa katika hedhi nitundike nyekundu kwenye nguzo ya kitanda, kichwani. Nikishaoga josho la kumaliza hedhi na kurudi kwenye swala, niziondoe nitundike nyeupe. Mume ataona mwenyewe, hakuna haja ya kusema. Mke hamtamkii mumewe mambo kama hayo, na wala hamkatai kwa kinywa. Shanga ndizo zinazosema.

Akanifundisha na jambo jingine. Alisema kizazi cha mwanamke hufunguka kwa lile josho. Siku zinazofuata mlango uko wazi, anayetaka mtoto azitumie hizo. Kadiri siku zinavyokwenda, mlango unafungwa, na mwezi ukifika katikati umefungwa kabisa, mwanamke alale na mumewe bila hofu yoyote. Sikumuuliza amejuaje. Nani alimuuliza somo amejuaje?

Mtoto wangu wa kwanza, msichana, nilimzaa nyumbani bila taabu. Wa pili alikaa vibaya. Nilichukuliwa mpaka Dar es Salaam nikiwa sijijui, na nilipopata fahamu mtoto alikuwa ameshazikwa. Mpaka leo sijui alifanana na nani. Daktari alinijia peke yangu, mume wangu akiwa nje anatafuta maji ya kunywa. Akaniambia kizazi kilichanika, wamekishona, na nikibeba mimba nyingine kitachanika tena, na safari hiyo huenda nisifike hospitali. Mume wangu aliporudi, daktari alikuwa kwa wagonjwa wengine. Muuguzi akamwambia tu, "Mama anahitaji kupumzika." Yeye akaelewa kwamba nipumzike arobaini.

Sikumweleza. Watu wameniuliza kwa nini, na jibu langu ni lile lile: nilikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu, mwenye mtoto mmoja wa kike, na mume anayelala Morogoro nusu ya mwezi. Nimwambie kwamba sitazaa tena, halafu yeye apande lori lake aende zake? Niliona mke wa pili tayari ameketi sebuleni anavua viatu. Kwa majirani pia nisingeweza kusema. Mtaa ule ukikohoa asubuhi, adhuhuri wameshajua umelala bila shuka.

Basi nikafanya hesabu yangu mwenyewe, kwa elimu ya somo. Siku mbaya ni zile za baada ya josho. Kwa hiyo nikioga, nisiziondoe shanga nyekundu. Niziache siku tano, sita, mpaka mlango ufungwe, ndipo nitundike nyeupe. Kwa kuwa mume wangu alikuja na kuondoka, hakujua ni lini zilitundikwa. Akizikuta nyekundu alikuwa akigeukia ukutani na kulala, kwa upole, bila neno.

Tatizo lilikuwa swala. Nilikuwa twahara, swala ikinipasa, lakini mwanamke mwenye shanga nyekundu kitandani akionekana juu ya msala amejifichua mwenyewe. Kwa hiyo mume wangu akiwapo, nilikuwa nikiingia stoo, nyuma ya magunia ya chumvi, nikifunga mlango kwa kipande cha mti. Stoo haikuwa na dirisha. Nilisujudu pale, paji la uso likigusa chumvi iliyomwagika, na masikio yote yakiwa uani. Sijawahi kujiona mpweke kama nilivyokuwa kwenye stoo ile, namwomba Mungu huku namficha mume wangu kwamba namwomba Mungu. Mara moja alinigongea, akauliza natafuta nini humo. Nikasema panya. Akacheka, akaniletea mtego.

Mambo yalikwenda hivyo zaidi ya mwaka, na nikajiona mjanja. Kumbe kilichoniokoa ni lori. Hakuwa akilala nyumbani siku za kutosha.

Kisha lori likavunjika springi. Alifika Ijumaa, wakati wa swala ya mchana, akisema watasubiri springi nyingine kutoka Dar. Mimi nilikuwa nimeoga josho jana yake tu. Alizikuta shanga nyekundu zinaning'inia, akajua hedhi imenianza. Akakaa. Akaziba bati, akatengeneza bawaba za mlango wa uani, akamfundisha binti yake kupiga mluzi. Nilimpenda sana siku zile, nasema kweli. Jumanne nzima nilisali stoo na kumsikia akiimba nje. Jumatano, hesabu yangu ilipotimia na mlango, kwa maneno ya somo, umefungwa kabisa, nikatundika shanga nyeupe. Nilikuwa na furaha. Nilijifukiza na udi.

Alhamisi ilikuwa siku ya kliniki ya watoto. Nilimpeleka binti yangu kupimwa uzito. Muuguzi alikuwa mama wa bara, mgeni mjini, ametoka kwenye mafunzo Dar es Salaam, na kabla ya kupima alikuwa akitukalisha barazani na kutupa somo la afya. Mara nyingi ni kuhara na kuchemsha maji, na sisi tulikuwa tunasukana nywele anaposema. Siku hiyo alizungumzia kupanga uzazi.

"Wengi wenu mnadhani mwanamke anashika mimba akishaoga tu hedhi," alisema. "Mnakosea, mama zangu. Yai linatoka baadaye, karibu na katikati, kama wiki mbili kabla ya damu nyingine. Siku chache kabla yai halijatoka, na siku linapotoka, hizo ndizo siku zenyewe. Hizo mnazoziita salama ndizo zinazowajaza."

Wenzangu walicheka. Nilimshika binti yangu mkono hata akalia. Niliwaza shanga nyeupe zilivyokuwa zinaning'inia pale kitandani, na udi wangu.

Nilingoja mpaka wote wakaondoka.

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba, mama. Mtoto ana homa?"

"Mtoto mzima. Ni mimi." Nikamweleza kizazi changu na daktari wa Dar. Nikamwambia, "Na usiku wa jana mume wangu alikuwapo."

Hakunicheka wala hakunigombeza. Alifunga mlango. Alisema huko mafunzoni walielezwa kwamba vile vidonge vya uzazi vya kila siku vikinywewa kadhaa kwa mpigo, na vingine tena baada ya nusu siku, vinaweza kuzuia mimba isishike, mradi vinywewe mapema. Kila saa inayopita inapunguza nafasi. Havimsaidii aliyekwisha kushika mimba, na yai likiwa limeshatoka huenda visifue dafu. Na vinatapisha vibaya. "Nitakupa," alisema. "Lakini utaratibu wetu, mume lazima aje akubali kwa kinywa chake mwenyewe."

Springi ilikuwa imefika asubuhi hiyo. Nilimbeba binti yangu mgongoni nikaenda mashamba ya chumvi jua likiwa utosini. Nilimkuta chini ya lori, miguu tu inaonekana. Nikaiambia ile miguu, "Baba watoto, nesi anakuita." Alitoka, akanitazama uso. Akajifuta mafuta ya gari, akanifuata.

Muuguzi alimweleza yote aliyonieleza daktari. Nilimwona mume wangu akikaa taratibu kwenye benchi kama mzee. "Mbona hukuniambia?" aliniuliza. Akamgeukia muuguzi. "Mpe hiyo dawa, nesi. Mimi nataka mke wangu awe hai. Mtoto ninaye."

Maneno hayo nilikuwa nimeyangoja zaidi ya mwaka, na yalikuwapo muda wote, mdomoni mwake. Ningemwambia tu.

"Vizuri," muuguzi akasema. "Sasa nieleze, mama. Hedhi ya mwisho ilianza lini?"

Mume wangu akajibu kwa niaba yangu, ndivyo waume walivyofanya. Alijibu kwa hakika, hata kwa fahari kidogo, mtu anayejua mambo ya nyumba yake. "Ijumaa iliyopita, nesi. Siku niliyofika. Ikaisha juzi."

Muuguzi akahesabu kwa vidole, uso ukakunjuka. Akakirudisha mezani kijaluba cha vidonge alichokuwa ameshakishika. "Kama ni hivyo, bado mapema sana. Yai halijakaribia. Hana haja ya kujitapisha bure. Aje wiki ijayo tuanze vile vya kila siku."

Mume wangu akashusha pumzi. Alinigeukia akatabasamu. Nami nilikitazama kile kijaluba. Nikinyamaza, narudi nyumbani na mume anayenitabasamia, na mimba ya kuniua huenda inashika. Nikisema, atajua. Nilimsikia binti yangu nje anapiga mluzi aliofundishwa.

"Si kweli," nilisema. "Haikuanza Ijumaa. Ijumaa nilikuwa nimeshaoga."

"Shanga," mume wangu akasema.

"Niliziacha mwenyewe."

"Shanga gani?" muuguzi aliuliza. Badala ya kumjibu nikamtajia siku yenyewe iliyoanza, Ijumaa ya kabla ya hiyo.

Alihesabu upya, nikaona vidole vinaenda haraka. Akanipa vidonge palepale na kikombe cha maji, vingine akavifunga kwenye karatasi nivinywe usiku. Mume wangu alitikisa kichwa kukubali. Tulirudi nyumbani yeye mbele mimi nyuma. Mlangoni alisimama, akasema bila kunitazama, "Kwa hiyo stooni hakukuwa na panya."

"Hakukuwa na panya."

Akaingia, akachukua mkoba wake, akaondoka na lori alasiri ile.

Nilitapika jioni, nikanywa vingine, nikatapika tena. Binti yangu alinishikia beseni. Baada ya hapo ikawa ni kungoja. Nilikwenda na kurudi kwenye vyumba vile vitano, nikijigusa tumbo, nikijitafutia kichefuchefu na nikikiogopa. Mtu wa kumwambia sikuwa naye. Damu ilipokuja nilikuwa nafua. Nilikaa chini uani kwenye maji ya sabuni, nikalia kwa sauti, na jirani akauliza kwa juu ya ua kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, ni moshi. Nikaingia ndani nikatundika shanga nyekundu, ingawa kitandani hakukuwa na mtu wa kuziona.

Alirudi siku mbili baadaye. Alisimama mbele ya nguzo ya kitanda akazitazama kwa muda mrefu. Nilitaka kumwambia, tumeokoka, ni za kweli, furahi nami. Akasema, "Umeswali leo?"

"Sijaswali."

Akaguna, akageukia ukutani.

Hakunipiga, hakunitukana, wala hakuoa mke wa pili. Nilimeza vidonge vya kliniki kwa ridhaa yake mpaka umri wa kuzaa ukapita, na hakuna siku aliyonisumbua juu ya mtoto wa kiume. Watu walisema nina bahati ya mume, na nilikuwa nayo. Lakini shanga hakuzitazama tena. Kila alipoingia kutoka safari, kabla ya kuweka mkoba chini, alikuwa akiuliza, "Umeswali leo?" Nami nilikuwa nikijibu kweli, na kila nilipojibu kweli aliinamisha kichwa kidogo akilipima jibu langu.

Amekufa miaka mingi sasa. Binti yangu yuko kwake. Mimi ni kikongwe, hedhi imenikoma zamani, naswali mwezi mzima bila kukosa siku, ukumbini, mlango wazi, na hakuna anayeniuliza.