Alama ya Penseli Kando ya Kituo

Rafiki yangu, juzi nilirudi Tororo kutoa vitu katika nyumba ya baba baada ya matanga yake, na chini ya gunia nikaikuta ile redio. Kioo kimepasuka, vumbi tele, lakini alama ya penseli bado ipo. Niliketi sakafuni nikalia bila haya.

Baba alikuwa fundi redio miaka ile ya sitini. Nyumba yetu ilinuka lehemu na simsim, maana yeye alichoma waya ndani na bibi alikaanga barazani. Mimi nikitoka shule nilipepeta nafaka ya wimbi, nikinung'unika kama kawaida yangu.

Baba mdogo, kitinda mimba wa bibi, aliendesha lori kati ya Tororo na Busia, na lorini mlikuwa na simu ya upepo ya kuongea na ofisi. Bibi hakuwa na raha mpaka ajue mwanawe yuko wapi. Basi baba akasuka koili, akafunga waya juu ya bati, akaifanya redio kuukuu inase mawimbi ya malori. Ila hayakuwa mawimbi tuliyoyazoea. Redio ya nyimbo hubeba sauti kwa nguvu ya wimbi kupanda na kushuka. Mawimbi haya nguvu yake ilikuwa ileile, masafa ndiyo yaliyoyumba huku na huku, na kifaa cha kugeuza mayumbo hayo kuwa sauti baba hakuwa nacho. Akajaribu siku nyingi, akapata ujanja: usiweke mshale katikati ya kituo, uweke pembeni kidogo, kama mtu aliyesimama kwenye mteremko. Hapo wimbi likiyumba, nguvu nayo hupanda na kushuka, sauti ikatoka. Ilikuwa na mikwaruzo, lakini ilikuwa yake. Baba akaweka alama ya penseli. "Mtu asiguse hapa," alisema.

Kila alasiri tulisikia: "Ofisi, mimi natoka Busia sasa, nakwenda." Bibi alimjibu, ingawa hakuweza kusikika: "Haya baba, kuja pole pole." Kisha aliteleka maji ya ugali. Lori likifika, ugali bado unafuka moshi.

Siku ile baba alikuwa ametoka kwenda kwa mteja. Sauti ikaja, hafifu: "Ofisi, mimi natoka Busia. Sikia, leo..." Bibi akasogeza sikio. Redio ilikuwa na jicho la kijani, taa ndogo ya kupimia kituo, na kila mtoto mjini alijua kwamba jicho likifumba umekinasa kituo barabara. Wakati huo lilikuwa wazi nusu. Nilitaka kumsaidia bibi tu. Nikazungusha kitufe mpaka jicho likafumba kabisa, mshale ukakaa katikati ya kituo, na sauti ikazama. Nilipokumbuka alama na kurudisha mshale, baba mdogo alikuwa amekwisha kusema.

"Yeye nasema nini?" bibi akauliza.

"Kukhu, redio imeharibika," nikamjibu.

Akateleka maji. Yalichemka mpaka yakakauka sufuriani. Lori lilikuwa limepinduka darajani, na baba mdogo hakutoka akiwa hai. Baba alikwenda ofisini kuuliza mdogo wake alisema nini mara ya mwisho. Karani alikuwa ametoka kunywa chai, hakusikia neno.

Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hata akiwa anapeta mchele alikuwa akiinua uso na kumuuliza baba, "Leo nini?" Baba alikuwa akiinamisha kichwa na kumwomba radhi kwa ajili ya redio yake. Aliifunika gunia, hakuigusa tena. Nilikuwa nimekaa palepale, nikasikia kila mara, na sikufungua mdomo. Nilikuwa mwoga, rafiki yangu, na uoga ule nimezeeka nao.

Meko ya bibi sasa yameota majani. Simu ya mjukuu wangu hutafuta kituo yenyewe, ikasimama katikati kabisa, sauti safi, na hakuna anayehitaji penseli wala mteremko. Juzi, pale sakafuni, nilishika kile kitufe nikakirudisha kwenye alama. Kisha nikasema kwa sauti katika nyumba ile tupu: "Baba, redio yako haikuharibika. Ni mimi niliyegusa."