Kila Asubuhi Mama Anafiwa Upya

Mama aliteremka kutoka milimani miguu ilipomshinda kupanda kwenda shambani, akaja kukaa nami mjini, Kihonda. Miguu ikapata nafuu. Kilichotushinda ni kumbukumbu. Wiki ya pili tu, asubuhi, alitoka chumbani akaketi uani, akaniuliza, "Mdogo wako amekwisha kula?"

Mdogo wangu, kitinda mimba wake, alikuwa na miaka mitatu kaburini. Lori lilimgonga pale Mikese akiwa kwenye pikipiki.

"Mama," nikamwambia, "si alifariki? Tulimzika kule juu, nyumbani."

Alinitazama kana kwamba nimempiga kofi. Kisha akapiga ukelele ule ule niliousikia siku ya msiba, akavua kilemba, akajitupa chini. Majirani wakaja mbio wakidhani tumefiwa. Sikujua niwaambie nini, maana kwa mama tulikuwa tumefiwa kweli, dakika ile ile.

Kesho yake akauliza tena. Nami, mjinga, nikamwambia ukweli tena.

Wakati huo nilikuwa nafundisha falsafa chuoni, na muhula ule tulifikia wazo la kale kwamba yote yaliyopita yatarudi, na sisi tutarudi pamoja nayo, bila mwisho. Nikawauliza wanafunzi kama wangekubali kuishi tena maisha yao yale yale, bila kupunguza hata siku moja. Walicheka. Mmoja akasema yeye yuko tayari, ila mtihani wa hesabu wa kidato cha nne hapana. Binti aliyekaa mbele akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mtu akirudia bila kukumbuka kwamba anarudia, ana hasara gani?"

Miaka yote nilikuwa na jibu la swali hilo. Hana hasara, nilikuwa nikisema. Kwake kila mara ni mara ya kwanza. Siku hiyo nilifunga daftari, nikawaambia tutaendelea wiki ijayo.

Nikajaribu uongo. "Yuko Mzinga, mama. Amepata kazi kiwandani." Uso wake ulichanua! Akamwekea ugali na mlenda kwenye hotpoti, akakaa mlangoni kutwa nzima akichungulia barabara. Jua lilipoanza kuzama akanigeukia. "Mnanificha jambo," akasema. "Mwanangu amepatwa na nini?" Nikaona uongo nao umetufikisha pale pale.

Kisha binti yangu akajifungua mtoto wa kiume. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na jina la marehemu halipotei. Mama alimpakata, akamkagua masikio na vidole, akampa jina la mdogo wangu.

"Karudi," akasema. "Pua ni ile ile."

Binti yangu akaninong'oneza, "Mama, mwache bibi aamini." Sikuhitaji kuombwa. Mimi, mwalimu wa kupima hoja, nilikitazama kitoto kile na pua yake, nikaamini mchana mzima. Siku hiyo mama hakuuliza kitu. Alimwimbia mtoto kwa Kiluguru, nikafikiri tumevuka.

Asubuhi iliyofuata, mtoto akiwa mapajani mwake, alinigeukia. "Huyu ni mtoto wa nani? Na mdogo wako, amekwisha kula?"

Mada ile ya yote kurudi nimemwachia mwalimu mwenzangu. Daktari amesema dawa haitamrudisha mama alikokuwa. Shehe ameniambia nisubiri. Nasubiri.

Juzi aliuliza nami nikashindwa kabisa kusema ukweli wala uongo. Machozi yakanitoka kabla sijageuza uso. Mama akasogea kwenye mkeka, akanishika shavu.

"Umefiwa na nani, mwanangu?"

Nikaushika mkono wake.

"Pole," akasema, akanivuta kifuani. "Lia tu. Na mdogo wako akija, atakusaidia kulia."