Mwanamke wa Mbeleko Tupu

Usiponiamini, njoo Tunduma nikuonyeshe droni yenyewe. Ina kipande cha kitenge tumboni, na wapiga picha wenzangu wamenitania mpaka wamechoka. Waache wacheke. Mimi ndiye mwanamke wa kwanza kurusha droni kwenye sherehe za huku kwetu, na droni yangu haijawahi kumwangukia mtu. Nina haki ya kuringa kidogo, au siyo?

Ilikuwa asubuhi ya sikukuu ya mavuno, kanisani kwetu Iyula nilikozaliwa. Ukungu ulikuwa ndio kwanza unaachia mibuni. Nilikwenda nyuma ya kanisa, kwenye majani, kuandaa droni peke yangu. Ndani watoto wa kwaya walikuwa wanajipanga, na binti yangu Neema alikuwa mstari wa mbele. Wangetoka na vikapu vya mahindi, nami ningewapiga picha kutoka juu, kijiji kizima kikiniona. Kichwa kilikuwa kimenivimba, sikufichi.

Nikasukuma betri mgongoni mwa droni mpaka ikalia ta. Nikaona kazi imekwisha.

“Umemfunga?”

Mwanamke alikuwa amesimama kando yangu, mbeleko ya kitenge imefungwa kifuani kama ya mtu aliyebeba mtoto. Nikamwamkia, shikamoo mama. Yeye macho kwenye betri tu. Alipogeuka kidogo nikaona mgongo wake: mbeleko inaning’inia, mtoto hamna. Nikadhani hajawahi kuona droni, basi nikamweleza kwa kujidai kwamba hiyo ni betri, ina vilimi viwili vya kuishika, na ikishalia vile haitoki.

“Hata mimi wangu nilijua nimemfunga,” akasema.

Akachana ukingo wa mbeleko yake, akaupitisha chini ya tumbo la droni, akaurudisha juu ya betri na kukaza fundo bapa, wala ncha haikukaribia pangaboi. Mkono wake ulipogusa wangu ulikuwa wa baridi mno. Kabla sijamkataza alikuwa ameshamaliza. Akaondoka kupitia kwenye mibuni, na ndipo nikatazama chini. Majani yote yalikuwa meupe kwa umande, na alama zilizokuwapo zilikuwa za buti zangu tu.

Wewe ungefanyaje? Mimi nilijaribu kulifungua fundo, likagoma. Kwaya ikaanza kutoka. Nikarusha hivyo hivyo.

Droni ilipofika juu ya watoto, upepo wa mlimani uliipiga, ikayumba, ikazama kidogo, halafu ikajishika. Watoto wakapunga mikono. Picha zile ni nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Lakini nilipoishusha nilikuta vilimi vyote viwili vimekatika, na betri imeshikwa na kitenge peke yake. Bila fundo lile droni ingezimika juu ya kichwa cha Neema. Nilikaa palepale kwenye majani nikalia.

Mama yangu alipokiona kile kitambaa naye alikaa chini. Akaniambia kwamba kabla sijazaliwa, mwanamke mmoja wa hapo alivuka mto na mzigo wa kuni, mbeleko ikalegea, mtoto akaenda na maji. Mwenyewe hakuishi sana baada ya hapo. Ndiyo maana akina mama wa kwetu wakifika mtoni hupeleka mkono nyuma na kusema kwa sauti, nimemfunga. Nami nilisema hivyo miaka yote ya kumbeba Neema, bila kujua namjibu nani.

Vilimi nimeweka vipya. Kitenge sijakitoa kazini, na hakijachakaa hata uzi. Najivuna nacho kuliko droni yenyewe, maana nani mwingine amefungiwa betri na mama kama yule?

Nawe unayerusha, usiridhike na mlio. Shika betri, ivute, uone kama inacheza. Na ukiwa Iyula asubuhi ya ukungu, mwanamke akakuuliza swali lile, usimweleze habari za vilimi. Mimi hata nikiwa Tunduma, kwenye kelele za malori, sirushi kabla sijapeleka mkono kwenye betri na kusema kwa sauti: nimemfunga, mama.