Siku Sirili Alipogeuzwa

Sirili ni jirani yangu hapa Marangu. Kihamba chake cha migomba na changu vimetenganishwa na ua wa masale tu. Aliongoza wageni mlimani tangu ujana mpaka magoti yalipokataa. Hakuwa mwongozaji mchangamfu. Kabla ya safari aliwakalisha wageni na kuwaambia yote yatakayowapata: kichwa kitauma, chakula kitakataa kushuka, wengine watatapika, wengine watalia. Kisha alitaja sheria yake moja. Mwenye dalili mbaya akiambiwa "geuka", anageuka, na begi lake analibeba mwingine. Wapo waliomtukana, wapo waliojaribu kumhonga. Jibu lake lilikuwa lile lile: "Mlima hauhami. Geuka."

Uzeeni alianza kukatiza usingizi kwenda haja ndogo, na akifika huko husimama muda mrefu bila mafanikio. Mkewe, Mektrida, alivumilia, kisha akachoka kuvumilia, akampeleka hospitali kubwa mjini Moshi. Kipimo cha damu kilikuwa juu, kidole cha daktari kikagusa sehemu ngumu kwenye tezi dume, na daktari akasema kukisia hakutoshi. Lazima vichukuliwe vipande vidogo vya nyama ya tezi, vikapimwe kama vina saratani.

Aliogopa. Nalisema mimi kwa sababu yeye hakulisema. Baba yake mkubwa alikufa kwa ugonjwa huo huo, na nyumbani kwao waliuita "mgongo" mpaka wakamzika. Sirili alikubali kipimo kwa sharti moja, asijue mtu zaidi ya Mektrida. Sisi majirani tuliambiwa anakwenda mjini kubadilisha miwani.

Siku ya kipimo, muuguzi aliyeingia na shuka alikuwa Kindness, binti wa hapa hapa kwetu, ambaye Sirili alimsimamia kipaimara.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba uvue suruali, baba. Na ya ndani."

Sirili akamwuliza habari za mama yake. Kindness akasema hajambo. Hapakubaki habari nyingine ya kuulizana, Sirili akavua.

Kilichompendeza, kama neno hilo linaruhusiwa, ni kwamba Kindness alimweleza kila kitu mapema, kama yeye alivyowaeleza wageni wake. Dawa ya kuzuia maambukizi ameshameza. Atalala ubavu wa kushoto na kuvuta magoti kifuani. Chombo chembamba cha ultrasaundi kitapita njia ya haja kubwa, na hapo hakuna raha. Itafuata sindano ya ganzi, itachoma kidogo. Kisha sindano ya kuchukua nyama itafyatuka mara kadhaa, ikilia kama stepla. "Usishtuke, baba. Ni mlio tu."

Ikawa hivyo hivyo. Kila ilipofyatuka, Sirili alijitajia moyoni kituo kimoja cha njia ya mlimani. Alifika kileleni daktari akiwa bado anaendelea, ikabidi aanze kushuka.

Alipovaa, Kindness alimalizia mbele ya Mektrida. Mkojo utakuwa na damu siku chache, shahawa hata wiki kadhaa, hilo lisiwatishe. Asibebe kizito, asipande bodaboda, anywe maji ya kutosha. "Lakini ukipata homa, baba, au ukitetemeka, au mkojo ukigoma, usisubiri kesho. Rudi saa hiyo hiyo."

Sirili akamwuliza tena habari za mama yake.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya mavuno. Kanisani kwetu anayenadi mavuno uani baada ya ibada ni Sirili, maana sauti yake huwafikia hata waliokwisha kutoroka kwenda nyumbani. Ukungu ulikuwa umeshuka na sote tulivaa makoti, kwa hiyo alipotetemeka kando ya mkungu wa ndizi mshare hakuna aliyejali. Mimi niliutaka mkungu ule, Mama Victoria naye aliutaka, na kusema kweli nilikuwa ninamtazama Mama Victoria tu.

"Mara ya kwanza!" Sirili akaita, meno yakigongana. "Mara ya..." Akashika meza.

Mektrida akatoka benchi la akina mama, akamwekea kiganja shingoni.

"Unachemka, Baba Davis."

"Ni baridi."

"Ni homa. Kindness alisemaje?"

"Acha nimalize. Nikiondoka katikati watauliza."

"Waulize."

"Nitakwenda kesho, Mama Davis. Hospitali haihami."

Hapo Mektrida alipandisha sauti, na sijui aliitoa wapi, maana mwanamke yule huongea kwa upole hata na mbuzi.

"Hospitali haihami. Utakayehama ni wewe. Geuka!"

Sirili alimtazama kwa hasira, ile ile aliyotazamwa nayo na wageni wake miaka yote. Kisha akavua begani mkoba wenye Biblia na kitabu cha nyimbo, akampa. Mektrida akaubeba, wakatoka taratibu mpaka kwenye gari la mchungaji.

Maambukizi yalikuwa yameingia kwenye damu. Alilazwa, akawekewa dripu, na daktari akamwambia Mektrida kwamba wangesubiri kesho yake asingewaahidi kitu. Baadaye majibu ya vile vipande yalitoka. Saratani ipo, imewahiwa, inatibika.

Aliporudi kanisani, kabla ya kuunadi mkungu wa kwanza, alituelezea kipimo chote, mbele ya mchungaji, kuanzia suruali. Akina mama walicheka mpaka wakajifuta macho kwa kanga. Wanaume tulitazama viatu vyetu. Alitaja na ugonjwa wa baba yake mkubwa kwa jina lake halisi, na hapo kicheko kikaisha.

Mimi nami nina miezi nakatiza usingizi, na mke wangu nimemwambia ni chai. Mnada ulipokwisha nilimfuata Sirili nyuma ya kanisa. Nilikuwa nimetunga maneno, yakanikimbia, nikavua tu mkoba wangu nikampa.

Aliupokea, akauweka begani kwake.

"Kesho nakupitia," akasema. "Vaa suruali isiyo na vifungo vingi."