Ndege ya Majini Juu ya Meza Yangu

Lile sanduku nililikuta Soko Mugdi, Garissa, ndani ya rundo la mitumba, limebanwa katikati ya viatu vya watoto na mikoba iliyokatika kamba. Pembe zake zilikuwa zimebonyea. Juu yake palichorwa ndege ya mbawa mbili, moja juu ya nyingine, imekaa juu ya bahari kama bata, na mtu ananing'inia ubavuni, miguu majini, akivutwa ndani na wenzake.

Niliitambua kabla sijasoma neno lolote. Baba yangu alikulia Mombasa wakati wa vita vya pili vya dunia, na tulipokuwa wadogo alitusimulia habari za ndege iliyokuwa na tumbo la mashua na injini iliyogeukia nyuma, ikiruka kwenda kuwaokota mabaharia ambao meli zao zilizamishwa. Sisi tulidhani anatia chumvi. Nilisimama pale sokoni kwenye vumbi, mwanamke mzima, nikalikumbatia lile sanduku kama mtu aliyeokota barua yake mwenyewe.

Nilikuwa mpiga picha za eksirei hospitalini. Nilikuwa nakaribia miaka thelathini, sina mume, na nilipanga chumba katika ua wa mama mmoja mjane, Msomali, ambaye nilimwita eddo, yaani shangazi. Yeye aliniita dakitari. Nilimweleza mara nyingi kwamba mimi si daktari, mimi napiga picha za mifupa tu. Alinisikiliza, akaendelea kuniita dakitari, na hatimaye nikaacha kumsahihisha.

Ndani ya sanduku vipande vya plastiki vya kuunda mfano wa ndege ile vilikuwepo vingi, lakini si vyote. Gundi yake ilikuwa imekauka zamani. Nikaanza kuiunda ile ndege kwa vitu vya kazini: koleo ndogo ya kushikia pamba iliyotupwa kwa kuwa meno yake hayakutani tena, wembe butu wa upasuaji, uzi wa kushonea vidonda uliopitwa na muda, ambao niliutumia kwa nyaya zinazoshikilia bawa la juu na la chini. Mianya ya kiwiliwili niliiziba kwa poda ya watoto iliyochanganywa na gundi ya dukani, nikaisugua kwa msasa mpaka kidole hakihisi kiungo. Vioo vya dirisha la rubani vilikuwa vimepotea, basi nikachukua picha kuukuu ya eksirei iliyoharibika wakati wa kusafishwa, nikailoweka kwenye dawa ya kufulia nguo nyeupe mpaka ikabaki plastiki angavu, nikaikata vipande vidogo kuliko ukucha. Nyuma ya injini nikapaka masizi ya taa kwa pamba, ili ionekane ndege iliyofanya kazi.

Hayo yote niliyafanya mlango umefungwa. Mtu akibisha, nilitupa kanga juu ya meza. Wenzangu hospitalini walikuwa wakijenga nyumba kwao, wakioa na kuolewa, na mimi nilikuwa natengeneza kitu cha kuchezea. Sikutaka mtu ajue.

Eddo aligundua siku aliyoniletea maziwa ya ngamia na kusukuma mlango kwa kiwiko kwa sababu mikono yake ilijaa. Alisimama kando ya meza, akaiangalia kwa muda mrefu.

"Hii nini, dakitari?"

"Ndege, eddo."

"Ndege iko na tumbo ya mashua?"

Hakuwa akicheka. Kwa vile hakucheka, nilijisahau. Nilimweleza kila kitu. Nilimwonyesha vielea viwili chini ya mbawa, nikamwonyesha mlango wa ubavuni. "Inashuka juu ya maji," nilisema. "Watu wakizama, wakikwama mahali ambapo gari haliwezi kufika, inakwenda, inashuka, inawachukua, inaruka nao." Nakumbuka vizuri jinsi nilivyosema. Nilisema inashuka. Sikusema ilikuwa ikishuka.

"Mashallah," akasema, akaweka maziwa chini, akatoka.

Mwaka huohuo zikaja zile mvua za El Niño. Wenyeji walizifurahia mwanzoni, maana walikuwa wamekaa muda mrefu wakiangalia mawingu yanayopita. Kisha mvua ikakataa kukatika. Mto Tana ukavunja kingo zake, mashamba ya kando ya mto yakawa ziwa la rangi ya chai, barabara ya Nairobi ikakatika, malori yakalala ubavu kwenye tope huko njiani. Mjini bei ya unga ilipanda na mafuta yakaadimika. Hospitalini jenereta iliwashwa kwa ajili ya chumba cha upasuaji tu. Mashine yangu ya eksirei ilikaa baridi chini ya shuka.

Nina aibu kusema nilivyozipitisha siku hizo. Wauguzi walikuwa hawana nafasi ya kukaa, wagonjwa wa malaria wamelala wawili wawili kwenye godoro moja, na mimi, baada ya kusaidia asubuhi kubeba maji na kupanga dawa, niliambiwa niende nyumbani kwa kuwa chumba changu hakina kazi. Nilikwenda. Mvua ikipiga mabati, nilikaa mezani nikaunda mtu. Ndege ile ilikosa yule mwokolewa wa kwenye picha ya sanduku, basi nikamtengeneza kwa njiti ya kiberiti na plasta nyeupe ya kufungia mifupa iliyovunjika. Nilimpa mkono mmoja ulioinuliwa. Nilihangaika na ule mkono mchana kutwa, nikitafuta pembe inayofaa mtu anayezama, wakati watu wenyewe walikuwa majini upande wa pili wa mji.

Eddo alikuwa na mdogo wake wa kike aliyeolewa na mfugaji upande wa Bura. Habari zikaja kupitia watu waliotembea kwenye maji mpaka kifuani: mdogo wake na watoto na wazee kadhaa wamekwama kwenye kichuguu cha ardhi iliyoinuka, maji pande zote, mbuzi wamekwisha kufa. Mumewe alikuwa mbali, akichunga ngamia.

Eddo alikuja kwangu asubuhi, amefuatana na jirani zake wawili. Hawakuketi.

"Dakitari, ile ndege yako. Ya kutoa watu kwa maji."

Nilifikiri anataka kuiangalia. Nikaifunua.

"Ambia wale watu wa uwanja wa ndege walete hii," akasema. "Wao naleta helikobta ya unga tu. Hawajui hii. Wewe najua."

"Eddo, hii haipo hapa."

"Iko wapi?"

"Haipo popote. Ni ya zamani, ya wakati wa vita. Siku hizi hazitengenezwi tena."

Akanitazama kana kwamba nimebadilisha lugha katikati ya sentensi. Jirani mmoja akamuuliza kitu kwa Kisomali.

"Lakini wewe nasema inaenda," akasema taratibu. "Nasema watu wakikwama, inashuka."

Labda ningesema zaidi, angenielewa. Lakini nilikuwa nimeona jinsi uso wake ulivyokuwa alipoingia mlangoni na jinsi ulivyokuwa sasa, na sikuweza kustahimili. Nikamwambia sawa, twende, tukawaulize. Ulikuwa woga tu, ingawa wao waliuona kuwa wema. Niliitia ndege ndani ya katoni ya filamu za eksirei, tukashika njia.

Uwanjani palikuwa na umati. Wanaume walisimama kwenye foleni iliyopinda mpaka kwenye miti, kila mmoja ana mtu wake aliyekwama mahali. Aliyekuwa akipanga safari za helikopta alikuwa bwana mmoja mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, redio ya mawasiliano imemning'inia shingoni. Eddo hakungoja zamu. Alipita mbele akiniburuta kwa kiwiko, akasema, "Huyu ni dakitari. Iko na kitu ya kuonyesha wewe."

Foleni ilitupisha kwa ajili ya neno hilo, daktari. Nikafungua katoni.

Yule bwana aliichukua ndege kwa mikono miwili. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Aliigeuza, akaangalia nyaya, akaangalia vioo, kisha akamwona yule mtu mdogo niliyekuwa nimemgandisha mlangoni, mkono juu.

"Na huyu?" akauliza.

"Ni mtu anayeokolewa," nikasema.

Nyuma yetu kijana mmoja akasema kwa sauti, "Daktari ameleta mwanasesere," na kicheko kikapita foleni nzima, kicheko kifupi cha watu waliochoka. Masikio yangu yaliwaka moto. Nilitazama viatu vya yule bwana, vilivyojaa tope mpaka kwenye kamba, na nikaona viatu vyangu vilivyokuwa safi kuliko vya wote waliosimama pale.

"Umeitengeneza vizuri sana, dada," akasema kwa upole. "Ndege za aina hii zilikwisha kabla sijazaliwa. Hapa nina helikopta moja na mafuta yenyewe ya kubahatisha. Mama, mdogo wako yuko wapi?"

Eddo akamweleza. Bwana akatikisa kichwa, akasema sehemu ile wanaijua, zamu yao itafika, hawezi kusema lini. Eddo alinigeukia. Alikuwa akingoja niseme kitu, mimi niliyesoma, mimi daktari. Nilishikilia katoni tupu. Basi yeye mwenyewe akaipokea ile ndege kutoka mikononi mwa yule bwana kwa ncha ya mtandio wake, akairudisha katonini. Kielea kimoja kilidondoka kwenye tope. Aliinama akakiokota, akakifuta kwa vidole, akanipa.

Njia nzima nilitembea nyuma yake. Nilitaka aniseme vibaya. Aliniuliza tu, tulipofika langoni, kama nimekunywa chai tangu asubuhi.

Mdogo wake hakuletwa na helikopta. Alikuja na mtumbwi wa mkulima mmoja wa kando ya mto, mtu aliyekuwa na ugomvi wa miaka na wafugaji wa upande ule, kwa sababu ya mifugo yao kuingia mashambani mwake. Mtu huyo aliuvusha mtumbwi wake juu ya mashamba yake mwenyewe yaliyozama, akaenda akarudi mpaka kichuguu kikawa tupu. Kutoka ukingoni walipanda trekta, wakafika kwetu wamelowa, nguo zimegeuka rangi ya udongo. Walifika wakiwa na pengo. Mtoto mchanga wa mdogo wake eddo, aliyekuwa bado ananyonya, alishikwa na homa kule kichuguuni akafa. Walimzika palepale, na mama yake hakuwa na hakika kama ardhi ile bado iko juu ya maji.

Niliificha ndege uvunguni, nikaisukuma mpaka ukutani.

Yule mdogo wake eddo alilala siku kadhaa bila kusema na mtu. Nilimpimia dawa, nikamletea uji, nikatoka chumbani mwake haraka kila mara. Siku alipopata nguvu za kukaa uani, aliniita. Kiswahili chake kilikuwa bora kuliko cha dada yake, alisoma Wajir mpaka darasa la saba.

"Dada ameniambia alikwenda kuniombea ndege," akasema. "Nionyeshe."

"Ni mchezo tu, walaal, ndugu yangu. Si kitu."

"Nionyeshe."

Nikaileta. Aliiweka mapajani, akaniuliza maswali bila haraka. Watu wangapi wanaingia? Wanakaa wapi? Mtoto anapitishwa mlango upi? Nilijibu kila swali, sauti yangu ikizidi kuwa ndogo. Kisha akamgusa yule mtu wa plasta kwa ncha ya kidole.

"Huyu mkono wake uko juu."

"Ndiyo."

"Sisi hatukuinua mikono," akasema. "Mikono ilikuwa imeshika watoto."

Nilimwomba msamaha. Sijui niliomba kwa lipi hasa, na nadhani naye hakujua, maana aliniangalia kwa mshangao kidogo. Nikamwambia nitaivunja, nitaitupa.

"Usiitupe. Umeifanyia kazi," akasema. "Lakini nikiwa hapa, usiiweke mahali nitaiona."

Nikaichukua nikaenda nayo kazini, nikaiweka kwenye chumba cha giza cha kusafishia filamu, juu ya rafu, imefunikwa. Ilikaa huko mpaka maji yakapungua, mumewe akatokea na ngamia waliobaki, na siku moja wakapanda lori kurudi upande wa Bura. Aliniaga kwa mkono na kunishukuru kwa uji.

Umeme uliporudi, nikarudi kwenye mifupa yangu. Wengi waliniuliza kuhusu siku ile ya uwanjani. Mji ule ulikuwa mdogo. Mhudumu mmoja wa maabara aliniita rubani mpaka nikahamishwa. Nilicheka naye kila aliponiita hivyo, kisha nikarudi chumbani kwangu nikiwa na joto la uso lilelile. Hata sasa, nikiwa natembea barabarani peke yangu, likinirudia lile neno, inashuka, huwa natoa sauti kidogo kooni kana kwamba nimekanyaga mwiba.

Alasiri moja ya kiangazi kilichofuata, eddo aliniuliza iko wapi ile ndege. Nikamwambia kazini.

"Ilivunjika?"

"Haikumalizika. Sitaimaliza."

"Lete nyumbani," akasema. "Maliza. Chumba iko na joto, kaa hapa nje."

Sikuwa na nguvu ya kubishana naye. Nikaileta. Nikaketi kwenye kibaraza na kibati cha rangi, kwa mara ya kwanza nje ya mlango uliofungwa, huku watu wakipita langoni kwenda msikitini na sokoni. Nilikuwa nimeinama, uso wangu unawaka. Eddo alikuwa amekaa mkekani kando ya ukuta akichambua mchele. Alinitazama mara moja. Kisha akainuka, akaukunja mkeka wake, akautandika upya katikati ya lango na mimi, akaketi na sinia lake mgongo ukinielekea, akaendelea kuchambua.