Mgonjwa Ametulia, Amekula

Wodi nzima ilimwita Mama Funguo, kwa sababu ya funguo kumi na moja zilizoning'inia kiunoni mwake na kumtangulia kwa kelele kokote aendako. Alikuwa muuguzi wa wagonjwa wa akili kwa miaka thelathini na miwili. Mdomo wake haukuwa na breki, na ndiyo maana miaka yote hiyo hakupandishwa cheo hata mara moja. Wauguzi wapya aliwapokea na kikombe cha chai mkononi, akawaambia, "Humu ndani kuna watu wa aina mbili tu, wenye faili na wenye funguo. Msije mkadhani kuna tofauti nyingine." Wapya walicheka. Msimamizi wa wodi, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya pazia, hakucheka.

Alikuwa na lake la kusema juu ya kila kitu. Mgonjwa akikataa chakula, faili lilisema ugonjwa umemzidi. Mama Funguo siku moja aliuonja ule mchuzi, akaandika: "Mgonjwa amekataa mchuzi. Nimeuonja. Nami nimeukataa." Mgonjwa akisema haumwi, waliandika kwamba hajitambui, akisema anaumwa, waliandika kwamba anapenda kulala bure. Daktari wa wodi, ambaye wagonjwa walimpa jina la Dakika Mbili kwa kuwa hajawahi kumpa mtu dakika ya tatu, alikuwa na mtindo wa kuwauliza tarehe ili apime akili zao, na wodini hakukuwa na kalenda hata ya dawa. Asubuhi moja alimsahihisha bibi mmoja aliyesema ni tarehe kumi na saba. Ilikuwa kumi na saba. Mama Funguo alimsogezea daktari simu yake aone mwenyewe, kisha akamwuliza kwa upole kabisa kama angependa kitanda cha karibu na dirisha.

Lakini lililomkera kupita yote lilikuwa neno moja tu, ametulia. Mwisho wa kila zamu, muuguzi huandika ripoti ya kila mgonjwa, na ripoti yenyewe ilikuwa ileile tangu dunia iumbwe: mgonjwa ametulia, amekula, amemeza dawa. Wengine waliiandika zamu ikiwa ndiyo kwanza inaanza, ili wapate nafasi ya kusuka nywele. Kuna mwanamke aliyeruka ukuta Jumatatu, na mpaka Jumatano faili lake lilikuwa linasema ametulia, amekula. "Kutulia maana yake hajatusumbua," Mama Funguo alikuwa akisema. "Hata kabati limetulia." Yeye aliapa kutoliandika neno hilo. Aliandika alichokiona, kwa herufi kubwa za mviringo, hata ikimbidi abandike karatasi ya pili.

Sasa, ukimsikia hivyo utadhani ni mtu mwenye nyumba iliyojaa vicheko. Alikuwa na vyumba viwili na redio. Redio aliiacha ikiongea peke yake tangu alfajiri ili akirudi asikute kimya. Mumewe alikwisha kufa, mwanawe alikuwa akifanya kazi mbali, na kila Jumapili alimtumia ujumbe: "Mama uko poa?" Naye alijibu "Poa," na mazungumzo yakaisha mpaka Jumapili nyingine. Wapangaji wenzake walimsalimia vizuri tu, ila walipojua anakofanya kazi waliacha kumwazima sufuria. Mmoja alimwuliza, nusu utani, kama ule ugonjwa hauambukizi. Alimjibu kwamba unaambukiza, tena kwa kusalimiana. Walicheka wote pale uani, na baada ya hapo yule jirani alianza kumpungia mkono akiwa mbali.

Basi mtu pekee duniani aliyekuwa akimwuliza Mama Funguo amelalaje alikuwa mgonjwa.

Wodini walimwita Fundi, kwa kuwa huko nje alikuwa fundi cherehani. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwembamba, aliyeletwa na kakake baada ya kukaa wiki tatu bila usingizi akizikata nguo za wateja vipande vipande. Miezi kumi na minne ilikuwa imepita. Sauti alizokuwa akizisikia zilikwisha kitambo, na mikono ilirudi kwenye sindano. Alishona vifungo vya magauni ya wodi, akapunguza mikono ya koti la Mama Funguo iliyokuwa ikimvuka vidole. Na kila asubuhi funguo ziliposikika mlangoni, alikuwa ameshaketi kitandani.

"Umelalaje, mama?"

"Vibaya. Na wewe?"

"Vibaya. Afadhali yako una mlango unaofunga mwenyewe."

Hayo tu. Lakini Mama Funguo alitembea kwenda kazini akiyangoja, na hilo hakumwambia mtu.

Mwezi huo kakake Fundi alikuja na habari. Alikuwa mtu wa maneno machache, fundi wa matanki ya maji, na alisimama kaunta akiikunja na kuikunjua kofia yake. "Mke wangu amekubali tumchukue," alisema. "Nimembembeleza mwaka mzima, nesi. Lakini namjua. Nikichelewa, atabadilisha mawazo, na nikimwomba tena atanifukuza na mimi."

Mgonjwa hakuruhusiwa kutoka mpaka jopo likae. Jopo lilikuwa daktari, msimamizi wa wodi na mtu wa ustawi wa jamii, walikaa mara moja kwa mwezi, na walitaka jambo moja tu: ripoti za siku kumi na nne zilizonyooka. Fundi alivaa gauni aliloliziba mwenyewe tundu la kwapani, akaingia. Alitoka baada ya dakika mbili.

"Wamekataa," alisema.

Mama Funguo alipandwa na hasira, akaingia ofisini bila kubisha hodi. Dakika Mbili aligeuza faili, akaweka kidole chini ya mwandiko wa herufi kubwa za mviringo. *Leo amelia karibu saa nzima wakati wa kufua. Anasema amechoka kuamshwa kwa kengele kama mwanafunzi, na amewakumbuka wateja wake. Ningekuwa mimi ningelia pia.* Siku mbili chini yake: *Amekaa kimya mchana kutwa. Nimemwuliza, akasema hana jipya la kusema humu. Kweli halipo.*

"Analia, anajitenga, amekata tamaa," daktari alisema. "Si maneno yangu, nesi. Zamu nyingine zote zimeandika ametulia. Ni wewe tu."

Alikuwa ameshaandika dawa ya kuongeza, kwa ajili ya hiyo huzuni.

Mama Funguo alilifunga lile faili mwenyewe. Alitoka, akakaa kwenye chumba cha mashuka mpaka alipoitwa.

Ile dawa ilimwingia Fundi mwilini kwa siku tatu tu, mikono ikaanza kutetemeka. Mama Funguo alimkuta ameshika uzi mbele ya tundu la sindano, anakosa, anarudia, anakosa. Aliichukua ile sindano amtungie. Fundi akainyang'anya.

"Uliandika nini humo?" aliuliza.

Mama Funguo alimwambia yote, neno kwa neno, maana aliyakumbuka.

"Ni kweli," Fundi alisema. "Nililia. Sasa nani alikuomba uandike?"

"Wanaandika uongo, mwanangu. Nilitaka mtu mmoja aseme ukweli juu yako."

"Ukweli wangu ninao mwenyewe. Mimi nilitaka kwenda nyumbani. Andika kama wenzako, mama. Nakuomba."

Jioni ile Mama Funguo, akila wima karibu na jiko, alianza kujihesabia mambo. Siku Fundi alipokataliwa alikasirika, hilo halina ubishi. Lakini kesho yake aliamka mapema, akavaa haraka, akatembea kwenda kazini na moyo mwepesi, kwa sababu kile kitanda kilikuwa bado kina mtu wa kumwuliza amelalaje. Aliuona wepesi ule sasa ulivyokuwa, akaona haya hata peke yake jikoni. Alijiuliza kama kalamu yake ilijua jambo ambalo yeye hakulijua. Hakupata jibu, na hajalipata mpaka leo.

Kwanza alimfuata Dakika Mbili, akamwomba radhi, jambo ambalo msimamizi wa wodi alilisimulia wiki nzima. Dawa ikapunguzwa. Kisha akaanza kuandika. Mgonjwa ametulia, amekula, amemeza dawa. Mara ya kwanza mkono ulikataa, akalichora lile neno herufi moja moja. Siku ya nne Fundi alilia akifua, na Mama Funguo akamfungulia bomba lote ili maji yazidi kelele. Mgonjwa ametulia. Siku ya tisa Fundi alikuwa na kidonda cha mdomo, hakugusa chakula. Mgonjwa ametulia, amekula. Kufika siku ya kumi na nne alikuwa anaandika bila kutazama, kama wenzake, na aligundua kwamba ukizoea ni kazi rahisi mno.

Kakake Fundi alipiga simu mara mbili kuuliza, na mara ya pili nyuma yake ilisikika sauti ya mwanamke ikiuliza ni mpaka lini. Mama Funguo alimwambia angoje jopo moja tu. Aliongea kwa uhakika ambao hakuwa nao.

Jopo lilikaa. Daktari aliuliza tarehe, akajibiwa. Aliuliza kuhusu huzuni.

"Hakuna, daktari," Fundi alisema. "Nimetulia."

Walimruhusu.

Kaka alikuja kesho yake saa nne asubuhi, akasaini mahali pa kusaini. Fundi alikuwa na mfuko mmoja wa nguo. Mama Funguo aliwafungulia mlango wa wodi, kisha mlango wa ukumbi, kisha akaona afadhali awafikishe mpaka kwenye geti dogo. Alikuwa ameshapanga neno lake. Alikuwa amemwuliza kaka mtaa wenyewe, akaambiwa si mbali, Jumapili anaweza kufika kwa miguu na kurudi kabla jua halijawa kali. Kaka alitangulia mbele kutafuta usafiri.

"Jumapili nitapita nikuone," Mama Funguo alisema.

Fundi aliutazama mfuko wake.

"Usije, mama," alisema. "Wifi amewaambia majirani nilikwenda kwa shangazi. Wewe wanakujua watu wengi. Ukiingia pale na hizo funguo, au hata bila hizo funguo, watajua nilikotoka. Usinielewe vibaya."

"Nimekuelewa."

"Na tukikutana njiani, unipite tu. Nitakuwa nakuona. Lakini unipite."

Mama Funguo alisema sawa. Alisema ni jambo la akili kabisa, kwamba yeye mwenyewe angeshauri hivyohivyo. Aliufunga mlango mdogo, akarudi kutandua kitanda, na mchana ule walimleta mgonjwa mwingine aliyempiga teke la goti.

Ilipita miezi minne. Jumamosi moja alikwenda kwa muuza vitambaa na vikorokoro vya nyumbani, kununua sabuni. Walikuwa wamesimama mezani pale, wanawake wawili, wakichagua vitambaa vya kushonea sare za wanafunzi. Fundi alikuwa amenenepa kidogo. Utepe wa kupimia ulikuwa shingoni, na mikono yake ilikipima kitambaa haraka haraka bila kutetemeka. Mama Funguo aliteremsha macho, akashika njia ya kupita nyuma yao.

"Samahani, mama," yule mwingine alimsimamisha, akamnyooshea vipande viwili. Huyo bila shaka ndiye wifi. "Wewe ni mtu mzima, tusaidie, huyu na mimi tumeshindwana. Kipi hakitapauka upesi?"

Mama Funguo alivitazama vile vipande. Alipapasa vyote viwili.

"Hicho cha kijani," alisema.

"Umeona?" Fundi alimwambia wifi yake. Kisha akamgeukia Mama Funguo, akamtazama usoni kwa adabu, kama anavyotazamwa mtu usiyemjua aliyekupa njia. "Ahsante sana, mama. Siku njema."

"Na nyinyi," Mama Funguo alisema.

Alitembea mpaka kona ya pili bila kusimama. Alikuwa amefurahi kwa ajili ya ile mikono, amefurahi kwelikweli, na kifua kilimuuma kiasi kwamba ilimbidi aegemee ukuta wa duka la watu. Mwenye duka akatoka, akamwuliza kama yuko salama. Alimwambia yuko salama, ni jua tu. Alifika nyumbani bila sabuni, akaketi kitandani na viatu vyake, na redio ikaendelea kuongea.