Safari ya Geita Kuing'oa Kompyuta ya Neema

Nilitoka Maganzo kwa sababu moja: kung'oa kompyuta aliyoifunga binti yangu Neema kwenye mgodi wangu mdogo kule Geita. Juzi, wakati wa mapumziko, iliziambia mashine zote zitulie. Karasha za kusagia mawe zikazima, sawa. Na pampu ya kutoa maji shimoni ikazima! Wachimbaji walipanda kamba maji yakiwa magotini. Mimi darasa la nne sikulimaliza, ila maji nayajua.

Kahama, mchana. Basi lilipita kando ya majaruba ya mpunga, mbingu imelala ndani ya maji, nami nikasinzia nikiona ng'ombe wanatembea juu ya mawingu.

Geita, jua likiinama. Vumbi jekundu lilielea kama moshi wa ubani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Iko wapi niitupe shimoni?"

"Ikizama, utaitoa kwa pampu gani?"

Masanja, msimamizi wangu, akacheka. Nikamkazia macho.

Neema akanieleza. Yeye huandika maneno. Kompaila huyageuza kuwa amri za mashine. "Niliandika 'mashine, tulia.' Pampu ina tulia yake: ipunguze mwendo, iendelee kuvuta. Ila sikuiambia kompaila kwamba kila aina inaweza kuwa na tulia yake. Ikachora njia ya moja kwa moja hadi ile ya jumla: kata umeme."

"Na sasa?"

"Nimeiambia. Programu ikifika hapo, kwanza inatazama mashine iliyo mbele yake ni ya aina gani, ndipo inafuata tulia ya aina hiyo."

"Kama sisi tukiwa chini. Tunaita 'mwenye kamba!' Aliyeishika saa hiyo ndiye anayevuta."

"Hivyo hivyo, Baba."

"Basi ita zote hivyo."

"Kutazama kunakula muda, japo kidogo. Kompaila ikiwa na hakika ni pampu, ya nini kuuliza? Inakwenda moja kwa moja."

"Mzee," Masanja akasema, "mimi sishuki mpaka niisikie pampu."

Neema akabonyeza kitufe. Karasha zikanyamaza moja moja. Pampu ikashusha sauti, kama mama anayembembeleza mtoto, ikaendelea kuvuta. Masanja alisikiliza kitambo kirefu, akatema mate, akashika kamba, akashuka.

Nilirudi Maganzo nikiisikia pampu masikioni njia nzima. Nilichojifunza ni hiki: neno moja ukiliamuru kwa wote, jua kwanza nani atalitii vipi. Kompyuta nimeiacha pale pale, na watu wangu wako chini.